Mguu Wangu kwenye Breki ya Yona

Nyumba za wafanyakazi, shamba la chai,
Kericho

Kwa kaka yangu Elia,

Nakusalimu kaka, wewe na wifi yangu na watoto wote. Kifua cha mama kimepona? Mahindi yamefika wapi? Huku sisi ni wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo za mtoto.

Barua yako nimeipata, na nimeisoma kwa hasira. Unasema mama mkwe alikuja kwako akilia, eti nimekuwa dereva, eti ninakaa kiti cha wanaume nikimpigia mume wangu kelele, na kwamba nirudi nyumbani nikalime. Kaka, siji. Sikia kwanza jambo lenyewe, maana aliyelileta huko alilibeba nusu.

Mume wangu Yona alinunua gari kuukuu la mzungu mmoja wa Kimulot aliyerudi kwao. Lilikaa bandani hata kuku wakawa wanataga kwenye kiti. Alitaka kuwabeba wachuuzi na mizigo yao hadi Soin siku zake za kupumzika, na wewe umeiona barabara ile inavyoteremka. Bila breki ni kaburi. Na breki zilikuwa zimeingia hewa; ukikanyaga, mguu unazama tu. Kuitoa hewa hiyo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine analala chini ya gari, anafungua skrubu kwenye gurudumu, mafuta yanatoka na mapovu yake, kisha anafunga. Ndipo wa juu anaachia. Akiachia kabla skrubu haijafungwa, hewa inarudi ndani na kazi imeharibika.

Aliyekuja kumsaidia kukanyaga ni Mzee Zakaria wa kanisa letu. Mara mtu akapita njiani, "Bwana asifiwe, Mzee!" Unawajua watu wa kanisa letu, hakuna kusalimu mtu ukiwa umekaa. Zakaria akainuka ampe mkono!

"Mzee, umeachia!" Yona akapaza sauti huko chini, mafuta yamemwagikia usoni.

"Nimesalimu tu, kijana."

Wakaanza upya. Akapita mwingine, Mzee akainuka tena. Mchana ukaisha wako kwenye gurudumu lilelile. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mboga. Nikaweka ungo chini nikamwambia, "Mzee, shuka."

"Mwanamke hakai hapa."

"Atakayeteremka Soin ni mume wangu, si wewe. Shuka."

Nikapanda. "Kanyaga!" "Nimekanyaga!" "Shikilia!" "Nimeshikilia!" "Achia!" "Nimeachia!" Hizo ndizo kelele mlizoambiwa. Watu walipita wakanisalimu, sikumpa mkono hata mmoja. Wakasema nina kiburi. Waseme! Paja liliniuma mpaka nikauma midomo, lakini tulimaliza magurudumu yote, na pedali ikawa ngumu kama jiwe.

Sasa Zakaria akatangaza kwamba breki iliyokanyagwa na mwanamke haiaminiki, na wachuuzi wakakataa kupanda. Nilikasirika, kaka, sikufichi. Nikampakata mtoto, nikapanda mimi.

Yona akaniuliza polepole, "Rispa, huogopi?"

Niliogopa sana. Nikamwambia, "Twende."

Kwenye kona ya chini tukakuta ng'ombe wa Wakipsigis wamejaa barabara nzima. Yona akakanyaga. Gari likasimama, ng'ombe mmoja akawa ananusa taa. Mwenye ng'ombe akatusalimu, "Chamgei!" kana kwamba hakuna lililotokea. Nililia pale pale, na Yona akacheka mpaka akashindwa kuwasha gari.

Siku hizi wachuuzi wanagombania nafasi. Hata mke wa Zakaria hupanda na mayai yake, tena hutaka kukaa mbele. Na kila breki zikilegea, Yona hamwiti mwingine, huniita mimi. Nikija kulima, ataitwa nani? Zakaria?

Basi mwambie mama mkwe, kwa heshima yote, jembe langu ampe mwingine. Nisalimie mama, na wifi, na shangazi aliyenifundisha kusoma, umwambie sijasahau.

Krismasi tutakuja na gari. Litateremka kile kilima cha kanisa mpaka mlangoni kwa mama mkwe, watu wote wakitazama. Likisimama, mwambie ni mguu wa nani.

Ni mimi dada yako, nisiyerudi,
Rispa