Nyota Arobaini

Placide, usinicheke. Nimefanya upumbavu.

Dada yangu Aline amejifungua sasa hivi hapa hospitali ya Nundu, miezi miwili kabla ya wakati. Mtoto ni mdogo sana, miguu yake baridi kama samaki.

Muuguzi, mama Immaculée, akaniuliza: "Ile karatasi ya kung'aa nilibapatia ya kufunika mutoto, iko wapi?"

Unaikumbuka? Ile plastiki nyembamba iliyopakwa alumini, kama wanayovika satelaiti zisipoteze joto. Mimi ndiye niliyekueleza. Mimi!

Niliikata, Placide. Nilikata nyota arobaini za kupamba ukuta wa kanisa Jumapili, niliposoma shairi la kumngojea mtoto huyu huyu. Hata wewe ulipiga makofi.

Nimekimbia kanisani, nikarudi na nyota mfukoni. Mama Immaculée akazitazama, akanitazama mimi.

"We mushairi, na hii nyota nitamufunika kidole gani?"

Nikamwomba skochi, utepe wa gundi.

Aline amemlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa kitenge. Mimi niko sakafuni nabandika nyota kwa skochi. Kila nikiunga mbili, panabaki tundu.

Skochi imeisha. Panda pikipiki, Placide. Niletee skochi.