Mchezo Wetu wa Mteja Umepita!

Kwa Kinyozi na Fundi Simu,
Mlango wa bluu, mkabala na duka la magodoro.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa dada,

Ndiyo, ni mimi! Huyo Fundi Kidole uliyemwona kwenye mtandao wa chesi, ukauliza kama ni mdogo wako au ni majina tu kufanana, ndiye huyu huyu uliyekuwa ukimfuta makamasi. Lakini adabu kwanza: shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Baridi ya huko imepungua? Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, mdomo haumsumbui hata kidogo.

Sasa sikia. Chumba tunagawana mimi na kinyozi: yeye vichwa, mimi simu, katikati ubao wa chesi. Ilikuwa ugomvi kila siku. Mtu akiinuka kumhudumia mteja, akirudi anaapa farasi wake amehamishwa. Tukakata shauri: anayeinuka kwa mteja, akirudi anageuza ubao, anachukua jeshi la mwenzake. Haya, iba sasa! Wizi ukafa siku ile ile.

Tena mchezo ukanoga. Unamchapa mwenzio weee, mara anaingia mteja, kipigo chote kinakurudia. Inabidi ushinde kwa adabu.

Nikaona hii ni mali. Mtandao ule unapokea michezo mipya, nikawapelekea wetu: kila mchezaji aruhusiwe kusema "Mteja!" mara moja, ubao ugeuke. Kimombo changu unakijua, kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo nikaiachia simu itafsiri. Kinyozi alicheka nusura amkate mtu sikio. "Wakikataa, Kidole, ubao unatoka humu. Unanifukuzia wateja."

Wakakataa! Eti mchezo hautakuwa na maana, kila anayekaribia kufungwa atasema Mteja. Kinyozi akaufunga ubao kwenye gazeti, mimi nimejikunyata kama kuku wa mvua. Ndipo nikakumbuka: kuna sheria sikuwaandikia, maana hapa hakuna anayeitaja. Mfalme akishikwa, mteja anasubiri. Hata mteja mwenyewe anajua, anavuta kiti na kutoa ushauri!

Nikawaandikia tena, wakaujaribu. Dada, jana wameupitisha! Uko pale na jina lake la Kiswahili, Mteja, na watu nisiowajua wanageuziana ubao. Kinyozi ameupigilia ubao mezani kwa misumari, na kila kichwa anachonyoa anakiambia, "Ule mchezo wetu." Wetu! Nimemwachia, mimi pia ananinyoa yeye.

Nisalimie shemeji, na mapacha uwavute masikio kwa niaba yangu. Mungu akufungulie hata milango usiyoibishia hodi.

Ila mama kaniuliza tena utakuja lini, na mimi uongo umeniishia. Basi tufanye biashara. Tucheze Mteja, mchezo mmoja tu. Nikikushinda, unakuja nyumbani likizo hii. Ukinishinda, nakuja mimi huko na mama, magoti na mdomo wake. Chagua rangi uitakayo, ubao utageuka tu.

Mdogo wako akupendaye hata ukimfunga,
Fundi Kidole