Mafuta ya Kuku wa Nandagala

Mume wangu Baba Neema, amani ya Bwana ikukute salama.

Huku kijijini Nandagala jua linachoma, ila mimi na Neema tuko vizuri. Jana mama mwenyeji wetu alituchinjia kuku. Binti yetu, na utafiti wake wa mafuta ya mimea na wanyama, akawahi kuomba mafuta mabichi ya yule kuku akayapime maabara, hata kabla hatujala. Yule mama akanuna: "Mgeni hajala, anabeba! Anaogopa nimemwekea sumu?" Nikaona kazi ya mtoto inaharibika. Neema akaomba radhi, akanawa, akala ugali na kutafuna mpaka mifupa. Mama akacheka: "Haya mwanangu, hata ufuta nitakukamulia."

Ulihofia masomo yatamtenga na watu. Acha hofu, mume wangu. Nakuombea kila jioni, nawe ule ushibe.

Mkeo, Mama Neema