Kikao cha Kamati ya Ukumbi wa Tenterfield, Accrington, Kuhusu Dirisha la Chai na Kibao cha Tin Lungs

Tarehe: Jumamosi, 14 Oktoba 2017, saa nane mchana
Mahali: Chumba kidogo cha Ukumbi

Waliohudhuria: Bw. Harold Entwistle (Mwenyekiti), Bi. Edna Pilkington (Katibu), Bw. Clive Haworth, Bi. Maureen Duxbury.
Asiyehudhuria kwa taarifa: Bw. Norman Whittle, aliyempeleka mkewe kwa daktari wa macho.

KUMB. NA. 1/10/2017: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na dakika nane, baada ya kumsubiri Bw. Haworth.

KUMB. NA. 2/10/2017: DIRISHA LA CHAI
Mwenyekiti alieleza kwamba mkaguzi wa zimamoto ameagiza dirisha la kupitishia chai kutoka jikoni lizibwe kwa matofali, au liwekewe mlango wa chuma usioshika moto. Alipendekeza matofali. Fundi ataanza Jumatatu.

Bi. Duxbury alipinga. Alikumbusha kwamba mwezi Novemba 1977 kaka yake, marehemu Kev, aliimba na Tin Lungs, kundi la punk, muziki wa vijana wa makelele ya makusudi, mbele ya dirisha hilo, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Alisema gereji walimofanyia mazoezi sasa ni maegesho, duka la santuri linauza simu, na nyumba yao ilibomolewa. "Kaburini kwake nimeshachoka kwenda, Harold. Pale hakuwahi kuimba."

Mwenyekiti alisema anamhurumia, lakini ukumbi si makumbusho.

KUMB. NA. 3/10/2017: MANENO YA KIBAO
Bw. Haworth aliwasilisha maneno ya kibao cha kumbukumbu cha ukutani, upande wa barabarani: "Hapa Tin Lungs walizusha ghasia, polisi wakaitwa." Aliongeza kwamba kibao hicho kitavuta wageni kutoka miji mingine, na dirisha halimhusu. "Nani atatoka Leeds kuja kuangalia dirisha la chai?"

Bi. Duxbury alisema hapakuwa na ghasia wala polisi. Bw. Haworth alijibu, "Mimi nilikuwapo, Maureen. Viti vilirushwa." Bi. Duxbury alisema, "Ulikuwapo dakika kumi, Clive. Mama yako alikuja kukuchukua na mwavuli." Mwenyekiti aliagiza maneno hayo yasiandikwe. Katibu alijibu kwamba yamekwisha kuandikwa.

Bi. Duxbury aliomba Katibu aulizwe. "Bi. Edna, birika ulilishika wewe. Sema."

Katibu alieleza kwamba siku hiyo ukumbi ulikodishwa kwa makosa kwa vijana hao na kwa Umoja wa Akina Mama, saa zilezile. Akina mama walikubali kukaa jikoni. Ilipofika saa tisa alasiri dirisha lilifunguliwa, kama ilivyokuwa desturi kila Jumamosi, ingawa wimbo wa tatu ulikuwa katikati. Vijana walizima magitaa, wakapanga foleni. Hakuna aliyewaamuru. Watazamaji, wenye pini na minyororo yao, walijipanga nyuma yao. Kiti kimoja kilianguka.

Kev alikuwa wa kwanza. Aliomba sukari vijiko viwili, kisha akamwuliza Katibu, "Mama, tulikuwa wabaya sana?" Katibu alimjibu kwamba katika maisha yake hakuwahi kusikia kitu kibaya kama kile. Kijana alicheka, akasema, "Basi tumepatia."

Bi. Duxbury alisema maneno hayo hakuwahi kuyasikia. Aliomba yasomwe tena kutoka katika daftari. Yalisomwa mara mbili.

Bw. Haworth alikiri kwamba habari za polisi aliambiwa na binamu yake, akazisimulia mwenyewe kwa miaka arobaini. Aliondoa pendekezo lake.

KUMB. NA. 4/10/2017: MAAZIMIO
Kura za kuacha dirisha na kuweka mlango wa chuma zilikuwa tatu, ya kupinga moja. Mwenyekiti aliomba iandikwe kwamba kura ya kupinga ilikuwa yake, na kwamba yeye mwenyewe atampigia fundi simu kusitisha kazi ya matofali.
Kibao kitawekwa ndani, juu ya dirisha. Maneno yake ataandika Bi. Duxbury.

KUMB. NA. 5/10/2017: KUFUNGA KIKAO
Shughuli zilikwisha saa tisa na dakika tano. Bi. Duxbury aliomba aachwe peke yake ukumbini kidogo, na wajumbe walisubiri nje, mvuani. Kikao kilifungwa saa tisa na nusu, alipotoka.

H. Entwistle, Mwenyekiti ....................
E. Pilkington, Katibu ....................