Mrushaji wa mwaka 84

Noelvis, uko? Sikiliza hii.

Nimetoka kijiweni sasa hivi, pale bustani ya Plaza de Marte, wanapokutana mashabiki. Tulikuwa tunabishana nani mpigaji bora wa besiboli tangu dunia iumbwe. Nikasema Eladio Rustán, basi. Wakanirukia: "Huyo alipigia gongo la alumini, linalorusha mpira mbali kuliko la mbao, bwana! Hata bibi yangu angepiga!"

Unanijua. Nikapanda juu ya benchi, nikawatajia tarehe, uwanja, hesabu yote. Nikapayuka: "Mwaka 84 mpira wake ulirudi kwa kasi mpaka mrushaji hakuwahi hata kuinua glovu! Ulimpiga usoni! Huyo ndiye mpigaji!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka, Noelvis.

Yule mzee muuza karanga akavua miwani yake nyeusi. Jicho la kushoto halipo.

"Kumbukumbu unayo, mwanangu," akasema. "Haya, mrushaji aliitwa nani?"

Mimi, ninayewatukana wakubwa wa serikali kila siku kwa kusahau watu! Nikataja tena tarehe na uwanja; jina sikuwa nalo.

Kisha akavaa miwani, akaondoka na karanga zake.

Miaka kumi nanunua kwake, na bado sijui anaitwa nani.