Swali la Mama Zena

Mke wangu Mama Zena,

Jana asubuhi mjukuu wetu Rehema alijifungua mtoto wa kiume hapa Tabora. Mama na mtoto ni wazima. Nimetanguliza hilo kwa kuwa ndivyo ulivyonitaka siku zote: nikija na habari, niseme kwanza nani ni mzima, kisha niendelee na maneno yangu ya darasani.

Unakumbuka Zena alivyozaliwa? Alilia mpaka majirani wa Gongoni wakacheka. Ulimtazama ukasema, "Amechukua sauti ya baba yake, masikini." Hakuwa na kasoro yoyote. Kwa hiyo wa pili alipokuja, hatukuwa na hofu. Siku ileile macho yake yalianza kuwa ya manjano. Kesho yake ngozi yote. Siku ya tatu alifariki, kabla hajapewa jina. Kwetu mtoto wa umri ule hakaliwi matanga. Wanawake walimwosha, wanaume wachache wakamzika, nami nikaenda kusimamia mtihani. Niliporudi ulikuwa umekaa mkekani, maziwa yamelowesha kanga yako. Nilikuambia ubadilishe nguo.

Wa tatu alizaliwa amekwisha kufa, mwili umevimba.

Ndipo dada yangu Mwanaidi alipoleta fungu la mizizi. "Wifi ana chango," alisema. "Tumbo lake linakula watoto." Ulikunywa dawa ile chungu asubuhi na jioni kwa mwezi mzima, nami nilikagua kikombe kama ninavyokagua madaftari. Siku moja tu ulikishusha ukaniuliza, "Mwalimu, kama ni chango, mbona Zena lilimwacha?"

Nilikujibu, "Usibishane na wakubwa."

Baadaye nilikupandisha garimoshi kwenda kwenu Usinge, ati ukapumzike. Zena nilibaki naye. Sikukupa talaka, wala sikuja kukufuata. Siku ya mazishi yako mama yako alinionyesha sanduku lako. Nguo zilikuwa bado zimekunjwa ndani. Hukukubali kuzitoa, alisema. Ulidai kwamba mumeo angeweza kufika wakati wowote.

Nakueleza sasa nilichokisikia kliniki. Rehema alipopimwa mimba ikiwa changa, aliambiwa damu yake ni ya kundi hasi. Nilimsindikiza kwa bajaji kwenda kupata maelezo, nikamhoji muuguzi mpaka Rehema akanivuta kanzu. "Babu, mume wangu, huyu si mwanafunzi wako!"

"Mwache aulize," alisema muuguzi. Alieleza kwamba mama mwenye damu hasi anaweza kubeba mtoto mwenye damu chanya, aliyoirithi kwa baba. Wa kwanza mara nyingi husalimika. Lakini wakati wa kuzaliwa, damu ya mtoto huingia kidogo katika damu ya mama. Mwili wa mama huiona ngeni, huunda kinga ya kuipiga, na kinga hiyo haisahau. Akija mwingine mwenye damu chanya, kinga hupita kwenye kondo la nyuma na kuvunja chembe zake nyekundu. Mtoto huishiwa damu, hugeuka manjano, au hufia tumboni.

"Hata kama wa kwanza alikuwa mzima?"

"Ndiyo, babu. Kwa huyo wa kwanza ndiko mwili ulikojifunza."

Nilitafuta kiti nikakaa. Damu yako haikupimwa, na mimi si mtu wa kudai nisichoweza kuthibitisha. Yangu nimeipima: ni chanya. Na yote aliyoyasema yule muuguzi yalipita nyumbani kwetu kwa mpangilio uleule. Ikiwa ndivyo, kitu kigeni kilichopigwa tumboni mwako kilitoka kwangu.

Siku hizi ipo sindano. Hupigwa mama ndani ya siku tatu baada ya kujifungua, nayo huziondoa chembe za mtoto kabla mwili haujazitambua. Damu ya kitukuu chetu imeonekana kuwa chanya, na jana jioni Rehema alichomwa.

Mwanaidi alikuwapo, anatembelea mkongojo sasa. Alifungua fungu lake mbele ya wakwe. "Tumkinge huyu na chango lililomsumbua bibi yake."

Nilisimama. "Dada, mke wangu hakuwa na chango. Alikuwa na swali, nasi tulimnyamazisha."

Akaegemea mkongojo wake. "Leo ndiyo unamtetea? Yuko wapi akusikie?"

Rehema aliangalia ukutani. Mwanaidi alifunga mizizi yake, na hapakuwa na aliyefurahi kwamba nimeshinda.

Ijumaa nitapanda garimoshi kuja Usinge. Najua nimechelewa, na najua nitakuta udongo. Ila uliuliza swali lililo sahihi, na mwalimu hapaswi kufa na jibu la mwanafunzi mkononi. Uliuliza mbona Zena lilimwacha. Halikumwacha, Mama Zena. Halikuwapo.

Lala kwa amani. Nakuja kukufuata.

Mumeo,
Baba Zena