Bila Jina Sitoi Kitu

Akinyi mjukuu wangu,

Sasa? Huku Kambi Muru nyanya yako anakusalimia, na mgongo wangu uliochoka bado unaenda mjengo, kubeba mawe na saruji. Unauliza kama uache utafiti wako, maana wenzako chuoni wanaicheka lugha yako ya kompyuta inayokataa amri isiyoeleweka.

Nikiwa kijana, kule Kawangware 46, watu wakiwa chini ya slabu mbichi, zege la dari ambalo halijakauka, msimamizi alipiga kelele, "Toa hiyo!" Ngazi, ama mti ulioshikilia slabu? Nairobi kila kitu ni "hiyo".

"Sema jina," nikamwambia. "Bila jina sitoi kitu."

"Wewe umetoka huko kwenu ziwani juzi, unanifunza Kiswahili?"

Alitaka ngazi; ningetoa mti, slabu ingewaangukia walio chini. Akanifuta kazi, lakini wote tulirudi nyumbani wazima.

Usiache. Hao wanaokucheka nao wako chini ya slabu, ila yao inashikiliwa na kompyuta.

Babu yako